Bwana Shamba Asiyekula Ngano

Ninyi mnaobaki kwenye jiko la hoteli yetu pale Omurushaka mmeniomba niandike. Saidi ndiye aliyenishikisha daftari siku ya kuniaga, akasema niandike yote niliyozoea kuwafokea, ili sasa mfokewe kwa maandishi. Nimekubali kwa sababu kukaa nyumbani ni kazi nisiyoijua. Nimemenya ndizi za hoteli kwa zaidi ya miaka thelathini na mikono yangu bado inaamka kabla yangu. Sitaandika lini nilipewa ukuu wa jiko wala nililipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kuivisha maharage.

Nilitoka kwetu Isingiro nikiwa msichana, nikiamini kwamba kama kuna kitu ninachokijua duniani ni ndizi. Nilizaliwa kwenye migomba, nikalishwa ndizi, nikabebeshwa ndizi kichwani. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza sita na jiko la kuni nyuma, na mwenyewe alikuwa Ma Paskazia, mwanamke mfupi wa Igurwa ambaye hakupandisha sauti hata siku moja na ambaye sote tulimwogopa. Siku ya kwanza alinipa mkungu mzima na kisu. Nilimenya haraka haraka ili anione hodari. Alipokuja hakuziangalia ndizi. Aliinama, akaokota maganda, akayapima unene kwa vidole, akaniuliza kama kwetu tunafuga mbuzi. Nikasema ndiyo. Akasema basi anaona nimewapikia hao mbuzi kwanza.

Wiki nzima nilimenya tu. Kisu chake kilikuwa na mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli na makali yaliyolika mpaka yakawa membamba kama ukili. Utomvu ulifanya viganja vyangu viwe vyeusi, na Jumapili kanisani nilikuwa nikificha mikono chini ya kitabu cha nyimbo. Lakini nilijifunza, na hadi leo nikimwona mtu anamenya ndizi kwa kuikata vipande vinene hunijia hasira ambayo hainihusu.

Ma Paskazia alikuwa na sheria nyingi, na mojawapo ilikuwa ya majani. Hoteli haikuwa na shamba. Majani ya mgomba aliyaleta kutoka kwake Igurwa, mzigo mmoja kwa wiki, na hakutaka jani litumike mara moja likatupwa. Asubuhi tuliyatandika kwenye meza ya chapati, madonge ya ngano tukayapanga juu yake na kuyafunika kwa majani mengine yasikauke. Ikifika saa nne chapati zimekwisha. Hapo majani yaleyale tuliyapangusa kwa kiganja na kufunikia sufuria ya ndizi ili mvuke usitoroke. Niliona ni akili ya ajabu. Kila mliyemkuta jikoni nilimfundisha hivyo, na wengine wenu niliwapiga vidole kwa kutupa jani zima.

Jambo la pili alilonifundisha ni miziro. Ninyi mliokuja kutoka mbali mlikuwa mnacheka, lakini huku kwetu kila ukoo una kitu chake usichokula, ndio omuziro wake, na mwenye kuushika barabara hali hata kwenye chombo kilichopikiwa kitu hicho. Mwaka wangu wa kwanza abiria mmoja wa basi la Bukoba aliinuka mezani akaacha sahani imejaa, kwa sababu nilimletea viazi kutoka kwenye sufuria iliyopikiwa samaki ambaye ukoo wake hawamgusi. Mimi nilianza kubishana naye kwamba samaki hayumo. Ma Paskazia alinivuta kando. Akasema mtu haulizwi sababu ya omuziro wake wala habishiwi, anaulizwa ni nini tu, kisha unaleta sufuria nyingine. Tangu hapo ilikuwapo sufuria ndogo yenye waya mwekundu kwenye mfuniko. Walipikiwa humo wenye miziro, na Wasabato wasiotaka chombo kilichopitia nguruwe, na yule karani mwenye kisukari ambaye kila siku aliomba ndizi nusu na kila siku alimega za jirani yake.

Kwa hiyo msidhani nilikuwa mgeni wa watu wanaochagua chakula. Nilijiona nimemaliza kuwajua wote. Ma Paskazia alipoishiwa nguvu za miguu alirudi Igurwa, akaniachia jiko, kisu na sheria zake, na kila wiki aliendelea kunitumia mzigo wa majani.

Ndipo akaja bwana shamba Jovin.

Alikuja masika yalipoanza, Mhaya wa Muleba, mrefu na mwembamba, shati limechomekwa vizuri. Alitumwa kuwafundisha wakulima wa Igurwa kukata mibuni iliyozeeka ili ichipue upya. Alinisalimia shikamoo, akaketi meza ya dirishani, akauliza kama mchuzi wa nyama una unga wa ngano. Nilimjibu kwamba hapa tunauza mchuzi wa nyama, wa unga akautafute kwingine. Watu wakacheka. Kusema kweli kijiko kimoja cha ngano cha kukazia mchuzi tulikitia kila siku, lakini kwetu kilikuwa kama chumvi, hakuna aliyekihesabu. Mimi mteja wa maswali simpendi, mnalijua hilo. Bwana shamba akala.

Alirudi siku ya tatu macho yameingia ndani. Angefoka ningejua la kumjibu, maana kufoka naweza. Yeye aliomba kuzungumza nami pembeni, akanieleza polepole. Tangu utoto alikuwa akiharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, na kwao walidhani amerogwa. Mpaka hospitali moja kubwa ilipompima, daktari akamwambia kwamba kuna kitu ndani ya ngano, na ndani ya shayiri pia, ambacho kikifika kwenye utumbo wake mwili unapigana nacho na kujiumiza wenyewe. Dawa hakuna. Kuacha ndiyo dawa, maisha yote, na hata chembe ya chapati iliyodondokea kwenye wali inatosha kumlaza. Bia ya chupa nayo aliiacha kwa sababu ya shayiri. Ilibaki rubisi yetu ya ndizi na mtama, na ni yeye peke yake niliyewahi kumsikia akisema kwamba hospitali ndiyo iliyomrudisha kwenye rubisi.

Nilimsikiliza, lakini moyoni nilisema huu ni ugonjwa wa watu wenye nafasi. Nani amewahi kuuawa na chapati? Hata hivyo alikuwa ameumwa kwa mkono wangu na nilitaka kusafisha jina. Nikaondoa unga kwenye mchuzi. Vile vidonge vya kukolezea supu tukavisoma kwenye karatasi yake na tukakuta ngano imo. Mafuta yaliyokaangia maandazi nikakataza yasiguse viazi vyake. Ugali nilimwambia asile kabisa, maana mashine tunakosagisha mahindi ndiyo inayosaga unga wa lishe, na lishe huchanganywa na ngano. Nikatoa sufuria yenye waya mwekundu, nikaisugua kwa mchanga, nikampikia ndizi na maharage, bila mchuzi wa nyama, bila chochote. Kisha nikamwekea mezani mwenyewe na kuapa mbele ya wateja kwamba humo kuna ndizi, maharage, kitunguu, chumvi na maji.

Akala akashukuru. Kesho yake hakuonekana, na keshokutwa hakuonekana. Alipokuja alisimama mlangoni, hakuketi.

"Mama, mimi nimekuamini," alisema. "Tumbo ndilo halikuamini."

Tangu siku ile akawa anakula chumbani kwake alikopanga: mayai ya kuchemsha, parachichi, ndizi za kuchoma alizogeuza mwenyewe kwenye jiko la mkaa. Akipita barabarani alinisalimia kwa heshima zote. Nilikasirika. Nilimwambia Saidi, ambaye ndiye anayesukuma chapati zetu miaka yote, kwamba kijana yule anaumwa na mawazo. Saidi alisema huenda, lakini mawazo hayamkondeshi mtu hivyo kwa wiki mbili.

Lililokuwa baya zaidi lilikuwa Igurwa. Kwa ajili ya ninyi msiotoka huku inabidi nieleze. Kwetu anayekula humshukuru aliyepika, husema webale kuchumba, asante kwa kupika. Hilo mnalifahamu. Lakini aliyepika naye hujibu webale kulya, anamshukuru mgeni kwa kula. Mgeni akila amekupa kitu. Akikataa amekunyima, na kama ni mtu wa serikali basi amekunyima mbele ya majirani. Jovin alipita nyumba baada ya nyumba kukagua mibuni, kila nyumba ikamtolea ndizi na mchuzi, naye asiyejua ndani ya mchuzi kuna nini akawa anasema ameshiba. Nyumba ya kwanza walimwelewa. Ya tano wakaanza kusema huyu Mhaya anaogopa tutamlisha sumu. Ya kumi wakasema anatuona wachafu. Kanisani waliona hapokei hostia kama wengine, kwa kuwa ni ngano, na padri aliyefahamu shida yake alimpa divai tu. Hilo nalo likatafsiriwa, na mnajua watu wanavyotafsiri.

Sasa fikirini alichokuwa anawaomba. Anamwambia mzee achukue msumeno, akate mbuni aliopandiwa na baba yake, akae msimu na zaidi bila kuchuma kitu, akingojea machipukizi. Ili ukate mbuni wako lazima umwamini anayekuambia ukate. Nani atamwamini mtu ambaye hajawahi kuonja ndizi yake? Mafunzo ya kwanza uwanja ulijaa. Baada ya miezi miwili walikuja wazee wawili, na mmoja alikuja kumtazama tu. Siku moja ya gulio Jovin aliniambia kwamba mwisho wa mwezi anaandika barua aombe kuhamishwa arudi Bukoba. Alisema kazi anaipenda na watu hawa anawapenda, ila hawezi kuishi mahali ambapo kila sahani ni ugomvi.

Niliumia. Nilikuwa nimeapa, na mpishi akiapa juu ya chakula chake halafu mtu akaugua, basi kuna kitu jikoni kwake asichokijua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba jiko langu lina siri na siri yenyewe nimefichwa mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimkabidhi mwenzenu mmoja kisu, nikachukua kigoda nikakaa mlangoni mwa jiko, mikono mapajani. Mliokuwapo mnakumbuka, mlidhani naumwa. Niliwatazama tangu kuni zinawashwa. Nikaona maharage yanachaguliwa, hakuna kitu. Nikaona sufuria yenye waya inaoshwa, hakuna kitu. Nikamwona Saidi anamwaga ngano kwenye majani, anapanga madonge, anasukuma, anapiga viganja, anaimba. Saa nne kasoro akasema chapati zimekwisha. Yule niliyempa kisu alikuwa amejaa kazi, akaniomba nimsaidie kufunika ndizi. Nikainuka, nikachukua jani mezani, nikalipangusa, nikalitandaza juu ya sufuria. Lilikuwa jani pana, zuri. Nikaona kiganja changu ni cheupe.

Nilisimama pale mpaka Saidi akaacha kuimba. Kwenye mikunjo ya jani, kando ya uti wake, ngano ilikuwa imekaa kwenye mistari membamba, na mvuke ulikuwa tayari unaiyeyusha na kuidondosha ndani. Miaka thelathini nimefanya hivyo. Mara mbili nimemfanyia mtu yule, mara moja nikiwa nimeapa. Niliona aibu hata masikio yakawa ya moto. Kisha, siwezi kuwaficha, nilifurahi. Kitu kinachoonekana kinaweza kuoshwa.

Sikwenda kwa Jovin kwanza. Nilipanda bodaboda nikaenda Igurwa kwa Ma Paskazia, kwa sababu sheria ya majani ilikuwa yake na sikuwa tayari kuivunja nyuma ya mgongo wake. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani anachambua maharage, miguu ameinyoosha mbele. Nilimwamkia, akanipa kahawa ya kutafuna, nikaitafuna mpaka ikaisha na bado sijasema. Mwishowe nikamweleza yote, nikitazama maharage yake.

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. Kisha akauliza kama alinifundisha kuyapangusa majani au kuyaosha. Nikasema kuyapangusa. Akasema basi kosa ni lake, na mimi kosa langu ni kuapa. Akauliza mgonjwa mwenyewe ni nani. Nilipomtajia, aliacha maharage.

"Yule mwenye kiburi?" aliuliza. "Alikuja hapa. Nimempikia kwa mikono hii, akaniambia ameshiba."

Nikamweleza tena, kuanzia hospitali. Nilivyokuwa nikizungumza niliona uso wake unabadilika, na nilijua anahesabu kitu. Aliniuliza kama kijana yule hawezi kula hata kwenye chombo kilichopitia ngano. Nikasema hawezi. Hata kidogo? Hata kidogo. Atakuwa hivyo maisha yote? Maisha yote.

"Sasa Evodia," akasema, "si ungeniambia tangu mwanzo kwamba ni omuziro?"

Nilimwambia si wa ukoo, ni wa tumbo. Akasema basi ni omuziro wa tumbo, na tumbo halina haja ya kuwa na ukoo ili liheshimiwe. Akaniuliza kama nimesahau yule abiria wa basi na samaki wake. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimeona ni mambo mawili tofauti, moja la wazee na moja la madaktari, na hapo kwenye mkeka nilijiona mjinga wa kutosha.

Alinipa majani mabichi aliyoyakata mjukuu wake muda uleule, akaniagiza niyaoshe mara mbili, niyababue motoni, na yasiikaribie meza ya chapati. Mnaujua ule msumari ulio kushoto kwa mlango wa jiko, mnapotundika majani yasiyoguswa na ngano. Niliupigilia jioni ile, kwa jiwe, na ndiyo maana umepinda.

Jovin alikataa. Nilimfuata kwake, nikamwambia nimepata kosa, na alinishukuru kwa dhati, lakini alisema wiki hiyo ana safari za vijijini na hawezi kuugua tena. Nilitaka kuapa. Nilijiuma ulimi. Nikamwambia sitamwambia kwamba hakuna kitu ndani, nataka aingie jikoni aone mwenyewe. Mnajua mteja haruhusiwi kuvuka kizingiti kile, mimi mwenyewe nimemfukuza diwani pale. Alikuja Alhamisi asubuhi, akakaa kwenye kigoda nilichokalia mimi. Alitazama kila kitu. Alituambia tubadilishe ubao wa kukatia vitunguu, nasi tukabadilisha. Alimwomba Saidi anawe kabla ya kushika maharage, na Saidi alinawa mpaka viwiko kama anakwenda kuswali. Tulipofunika sufuria kwa jani lililooshwa, Jovin aliinuka akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole.

Akala. Sote tuliacha kazi tukamtazama anavyomega, hata sijui wateja wengine walitudhania nini. Ijumaa tulingoja. Jumamosi tulingoja. Jumapili nilimwona kanisani upande wa wanaume, amesimama wima, naye akaniona, akajipiga tumboni mara mbili kwa kiganja. Mimi ni Mlutheri na yeye ni Mkatoliki. Alikuwa amekuja kwenye ibada yetu kuniambia hilo tu.

Jambo lililobaki lilikuwa Igurwa, na hilo Ma Paskazia alilichukua mwenyewe. Alituma salamu kwa wenye mibuni wote kwamba mafunzo ya wiki ile yatafanyika kwenye kibanja chake, shamba lile la kuzunguka nyumba, na kwamba atapika. Hakuna anayekataa chakula cha Ma Paskazia, na wengine walikuja ili wamwone bwana shamba akikikataa. Mimi na Saidi tulifika alfajiri na sufuria zetu. Tulipika kuanzia mwanzo: ndizi, maharage, nyama, mchuzi uliokazwa kwa karanga za kusaga badala ya ngano. Tangu hapo karanga ndiyo sheria, na ni tamu zaidi, nawaambia ninyi mnaonunua unga kwa siri.

Tatizo lilikuwa mikono. Kule bado tunakula kwa kuzunguka, ndizi zimemiminwa kwenye majani katikati, kila mmoja anamega upande wake. Mtu akiwa ametoka kula andazi njiani, mkono wake unatosha. Nilisema tumtengee Jovin sahani yake. Ma Paskazia akasema mtu amekaa peke yake kwa miezi, leo hatengewi. Akajikokota na fimbo yake mpaka njia ya kuingilia, akaketi hapo na beseni la maji na sabuni. Kila aliyefika alisimamishwa. Mwenye andazi au mkate aliambiwa auache kwenye ungo, atauchukua akitoka. Walipouliza kwa nini, alijibu kwamba leo kuna mgeni ambaye ngano ni omuziro wake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Hayakuja. Wazee wale waliomsengenya kijana kwa miezi waliweka maandazi yao kwenye ungo kimyakimya na kunawa, kama watu waliotajiwa jambo la kawaida ambalo wangepaswa kuambiwa mapema. Mmoja tu aliuliza ni ukoo gani huo. Ma Paskazia akamjibu kwamba ni ukoo mdogo, kwa sasa uko mmoja tu huku, kwa hiyo wautunze.

Jovin aliketishwa kati yake na yule mzee aliyekuwa akija kumtazama. Nilisimama mlangoni pa jiko nimeshika mwiko, nikihesabu upya kila nilichogusa, maana kama kuna kitu kilinipita safari ile nisingepata nyingine. Aliangalia lile rundo la ndizi. Akaangalia jani lililo chini yake. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho, nami sikuapa, nilimwonyesha tu viganja vyangu vilivyooshwa. Akamega. Akachovya kwenye mchuzi, akala, akamega tena. Yule mzee akamsogezea nyama upande wake. Mazungumzo yakarudi, mtu akalalamikia mvua, mwingine akauliza msumeno wa kukatia mibuni unanolewaje, na Jovin akajibu akiwa na ndizi mdomoni.

Walipomaliza alifuta mikono, akamgeukia Ma Paskazia.

"Webale kuchumba, mama."

Ma Paskazia alivuta beseni. Alinawa kwanza, akajikausha kwa ncha ya kitenge, na baraza lote likangoja.

"Webale kulya, mwanangu," akasema. "Siku ile ulipokataa sikuwa na mtu wa kumwambia neno hilo."

Jovin aliinamisha kichwa. Mimi niliingia ndani nikalia, na Saidi aliponifuata nilimwambia ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa zamani.

Mchana uleule yule mzee alimpa msumeno wake na kumwonyesha mbuni wa kwanza. Barua ya kuhama haikuandikwa. Ukipita Igurwa sasa utaona mibuni mifupi yenye machipukizi manene, na nyumba nyingi zina jani lililotundikwa kando kwa ajili yake. Ma Paskazia yupo, hasikii vizuri, lakini maandazi bado anayakusanya.

Mimi nimeondoka jikoni, na Jovin bado anakuja Alhamisi saa saba, meza ya dirishani. Wameanza kuja na wengine: mama mmoja wa Kyerwa ambaye binti yake akila karanga koo linaziba, kwa hiyo karanga nazo zitafutieni msumari wake. Msiwachoke. Msiwaambie hakuna kitu ndani, kwa kuwa hamjui, nami sikujua. Wafungulieni mlango wa jiko waone. Wakimaliza msikae mkingoja wawashukuru. Washukuruni wao kwa kula.